Kati ya Mlima na Mwambao: Historia ya Vijiji vya Ncha ya Kaskazini ya Ziwa Nyasa, kutoka Ikinga hadi Ikombe

Utangulizi

Kata ya Ikinga imo katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, katika nchi ya milima inayokaliwa hasa na Wandali, Walambya na Wamalila. Jina hilo lisichanganywe na Ukinga, nchi ya Wakinga iliyoko Makete, mkoani Njombe, upande wa mashariki wa ziwa. Maji ya milima ya Ileje huteremka hadi Mto Songwe, ule unaotenganisha Tanzania na Malawi, na mto huo humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa baada ya kupita uwanda wa Kyela. Upo Mto Songwe mwingine unaoelekea Ziwa Rukwa, na wasomaji wa ramani za zamani hawana budi kutazama kwa makini ni upi unaotajwa. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ilhali Mlima Rungwe unafikia mita 2,960, na Milima ya Livingstone inapanda moja kwa moja kutoka majini hadi zaidi ya mita 2,000. Kwa hiyo mtu anayetoka katika migomba na mashamba ya kahawa ya juu aweza kufika kwenye mitumbwi kwa safari ya siku chache za miguu.

Ukaribu huo wa mlima na maji umewafanya waandishi wengi kuvigawa vijiji vya eneo hili katika makundi mawili: kijiji cha mlimani, chenye wakulima na wafugaji, na kijiji cha mwambao, chenye wavuvi na wafinyanzi. Kila kundi huelezwa kana kwamba lilizaliwa na mazingira yake na kubaki hapo tangu kale. Makala hii inatofautiana na mtazamo huo. Hoja yake ni kwamba vijiji vya mlimani na vya mwambao vilitengenezana vyenyewe kwa vyenyewe, kwamba mahali pa kijiji palibadilika mara kwa mara kutokana na hofu, biashara na utawala, na kwamba kijiji kinachoitwa leo cha jadi ni kijiji kilichokutwa mahali fulani wakati kalamu ya mtawala, ya mmisionari au ya mtafiti ilipokiandika.

Hofu na mwinuko

Swali la kwa nini watu wajenge juu au chini limewashughulisha wanahistoria wa sehemu nyingi za dunia. Katika visiwa vya Ugiriki, vijiji vingi vinavyotembelewa leo na wageni kwa ajili ya kuta zao nyeupe havikujengwa ufukweni. Vilijengwa juu ya vilima, mahali ambapo maharamia hawakuweza kuvifikia kwa ghafula, na bandarini pakabaki maghala na vibanda vichache. Watu waliteremka bahari ilipotulia, hasa katika karne ya 19 na ya 20. Braudel, katika kitabu chake kikubwa cha 1949 kuhusu Mediterania, aliitanguliza milima kabla ya kuieleza bahari yenyewe, naye alikuwa na sababu nzuri: huwezi kumwelewa mtu wa pwani usipojua ni nini kilichomshusha kutoka mlimani.

Katika Ziwa Nyasa hofu ilikuja kwa njia nyingine, na tofauti hiyo ina uzito. Upande wa mashariki, adui wa karne ya 19 hakuja kwa maji. Wangoni, waliofika kutoka kusini mwa Afrika baada ya kuvuka Mto Zambezi mwaka 1835, walishambulia kwa miguu, wakitokea nchi kavu. Mahali pa usalama basi palikuwa majini. Mabaharia Waingereza walioizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa kwa meli ndogo ya Ilala mwaka 1875 walikuta chini ya milima watu waliojenga nyumba zao juu ya nguzo zilizosimikwa majini. Msafiri asiyejua habari za Wangoni angeweza kuyaona makazi hayo kuwa desturi ya kale ya wavuvi. Yalikuwa makazi ya wakimbizi.

Upande wa magharibi mambo yaligeuka. Huko, hatari iliketi mwambaoni penyewe. Mlozi bin Kazbadema na wenzake, wafanyabiashara wa pembe na watumwa, walijenga ngome zao karibu na Karonga, na mwezi wa Oktoba 1887 Wangonde wengi waliuawa kando ya rasi ya maji ya Kambwe, walikojificha katika matete. Waliosalimika waliyahama makazi yao. Vita kati ya Mlozi na Kampuni ya Maziwa ya Afrika vilianza mwaka huohuo, na nguvu za Mlozi hazikuvunjika kabisa hadi aliponyongwa Desemba 1895. Katika miaka hiyo mwambao wa magharibi haukuwa mahali pa kutamaniwa, na ardhi ya juu, pamoja na nchi iliyo kaskazini mwa Songwe, ilipata thamani mpya machoni pa watu waliokuwa wamezoea kulima tambarare.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mlima ulikuwa ngome isiyoingilika. Wasangu wa Merere, waliosukumwa na Wahehe hadi Usafwa, walijenga boma lao Utengule na kuzishambulia nchi jirani. Mtu wa Rungwe au wa Undali wa miaka ya 1880 alikuwa na maadui pande zote, na uchaguzi wake wa mahali pa kujenga ulikuwa wa kupima ni adui yupi atakayetangulia kufika.

Chungu na jembe

Kama hofu ingekuwa ndiyo sababu pekee, vijiji vya Wakisi visingekuwepo hadi leo. Kijiji cha Wakisi, kama Ikombe, kina ukuta wa mlima mgongoni na maji miguuni. Ardhi ya kulima ni kipande chembamba, na njia ya kufika huko ni mtumbwi au mguu kwa kufuata ufuko. Mgeni hushangaa watu wanaishije mahali kama hapo. Jibu limo katika udongo wao. Wanawake wa Kikisi ni wafinyanzi, na vyungu vyao vimesambaa kuzunguka ncha yote ya ziwa, Tanzania na Malawi. Waane (1977), aliyechunguza ufinyanzi wa Ikombe, alionyesha kwamba kazi hiyo ina ujuzi wake maalumu, unaorithishwa kwa wanawake. Chungu hufinyangwa kwa mkono, husuguliwa, hupambwa, kisha huchomwa mahali pa wazi. Wanaume huvua na kupiga makasia.

Ufinyanzi huo haukuwa kazi ya ziada iliyoongezwa juu ya maisha ya uvuvi. Ndio uliofanya kijiji kiwezekane. Vyungu vilipakiwa mitumbwini hadi soko la Lyulilo, kando ya Matema, na huko vikabadilishwa kwa ndizi, mahindi, maharage na vyakula vingine vya Wanyakyusa wa bondeni na wa mlimani. Kwa maneno mengine, shamba la Mkisi lilikuwa mikononi mwa mkulima wa mlimani, na mkulima wa mlimani hakupika pasipo mwambao. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika maandishi mengi chungu huwekwa katika sura ya sanaa, na ndizi katika sura ya kilimo, na msomaji haambiwi kamwe kwamba moja lilikuwa bei ya nyingine.

Wakinga walikuwa na bidhaa yao: chuma. Juu ya Milima ya Livingstone, ambako baridi hukausha migomba, walifua majembe na silaha, nazo zikashuka upande wa magharibi hadi kwa Wanyakyusa. Biashara hiyo ilibeba pia dini na siasa. Masimulizi ya Wanyakyusa, kama yalivyokusanywa na Monica Wilson, husema kwamba machifu wao walitoka Ukinga, wakavuka mlima na kuwakuta wenyeji wa asili, na kwamba walikuja na moto, ng'ombe na chuma. Mtu anaweza kuyachukua masimulizi hayo kuwa hekaya ya kuwatukuza watawala. Lakini yana habari moja isiyopuuzika: utawala wa bondeni ulijieleza wenyewe kuwa mtoto wa mlimani. Uhusiano huo uliendelezwa kwa matambiko. Huko Lubaga, kwenye msitu mtakatifu wa Lwembe, makuhani wa Ukinga walikuwa na nafasi yao, nao walivuka mlima kwenda kushiriki (Wilson, 1959). Lwembe mwenyewe alihesabiwa kuwa ndugu wa asili moja na Kyungu wa Ungonde, aliyekaa Mbande karibu na Karonga. Na Kyala, ambaye jina lake wamisionari walilichukua baadaye kumtaja Mungu wa Biblia, alikuwa na mahali pake patakatifu katika pango la mwambaoni, karibu na Matema. Ukiichora ramani ya matambiko hayo utapata mstari unaoshuka kutoka kilele hadi majini na kupanda tena ng'ambo, bila kujali kama njiani pana Mkinga, Mkisi, Mnyakyusa au Mngonde.

Kijiji cha watu, si cha ardhi

Joseph Thomson alipopita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879 aliisifu mno: nyumba nadhifu za mianzi, migomba, ng'ombe, usafi. Sifa hizo zimenukuliwa tangu hapo kama ushahidi wa kijiji kilichotulia. Thomson alipita tu. Hakukaa kiasi cha kuona jambo ambalo Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walilifanya kuwa maarufu duniani: kijiji cha Kinyakyusa kilikuwa kijiji cha rika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi au kumi na mmoja waliondoka katika nyumba za baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni. Waliendelea kula chakula cha mama zao, wakizunguka pamoja kutoka nyumba hadi nyumba, na walipooa walibaki hapohapo. Mara moja katika kila kizazi sherehe ya ubusoka ilifanywa: vijana wakakabidhiwa nchi, machifu wapya wakatambulishwa, na wazee wakasogea pembeni. Kila kijiji kilikuwa na kiongozi wake asiye wa ukoo wa kichifu, mmoja wa amafumu. Wilson (1951) alieleza kwamba sababu kuu iliyotolewa na wenyeji ilikuwa heshima, yaani baba na mke wa mwanawe wasikae karibu, na mtoto asijue mambo ya faragha ya wazazi wake.

Maelezo hayo hayakupita bila kupingwa. Charsley (1969) na McKenny (1973) walihoji kama mpango huo ulikuwa imara na wa kale kama ulivyochorwa, na Marcia Wright (1972) aliirudisha siasa ya Wanyakyusa katika misukosuko ya mwisho wa karne ya 19. Hoja za wakosoaji zina nguvu, hasa zinapokumbusha kwamba Wilson aliona jamii ambayo ilikuwa imeishi karibu nusu karne chini ya Wajerumani na Waingereza, na ambayo amani ya kikoloni ilikuwa imeiruhusu kutawanyika kuliko zamani. Lakini hata mkosoaji mkali hakuweza kuliondoa jambo moja, ambalo ndilo linalohusu makala hii: katika nchi hii kijiji kilikuwa kundi la watu kabla hakijawa mahali. Kiliweza kuhama pamoja na jina lake. Migomba ilipochoka, uchawi uliposhukiwa au ugomvi ulipozuka, mtu alihama kijiji au kijiji chenyewe kilihama. Ubusoka wenyewe ulihitaji ardhi tupu ya kuwagawia vijana. Pale ardhi ilipokwisha, kwa kuongezeka watu na kwa kupandwa kahawa, zao linalomfunga mkulima kwa miaka mingi, sherehe hiyo ikakosa kitu cha kugawa. Wilson mwenyewe alirudi kwenye mabadiliko hayo katika kitabu chake cha 1977.

Misheni, boma na mshahara

Mwaka 1891 wamisionari wa Kimoravian na wa Jumuiya ya Berlin waliingia kwa wakati mmoja kutoka ziwani. Wamoravian walijenga Rungwe, kisha wakaenea magharibi hadi Isoko, katika milima ya Undali. Waberlin walichukua upande wa mashariki: Manow, Ikombe, na baadaye Bulongwa na Tandala huko Ukinga. Mgawanyo huo bado unaonekana leo katika ramani ya Wamoravian na Walutheri. Misheni ilikuwa kijiji cha namna mpya kabisa. Ilikuwa na mpaka, kengele, shule na nyumba za matofali, na haikuhama. Ilipokea waliofukuzwa, wajane na watumwa waliokombolewa, watu ambao kijiji cha rika hakikuwa na nafasi yao.

Serikali ya Kijerumani nayo ilianza mwambaoni. Meli Hermann von Wissmann ililetwa vipandevipande hadi ziwani, na boma la kwanza la Langenburg likajengwa ufukweni chini ya Milima ya Livingstone, jirani na Ikombe. Halikudumu hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yalikuwa yamehamia juu, mahali palipoitwa Langenburg Mpya, ndipo Tukuyu ya sasa. Kuhama huko kwa boma hakujatiliwa maanani ipasavyo. Maadamu mtawala alikaa ufukweni, njia kuu ilikuwa ziwa; alipopanda mlimani, njia ikawa barabara, na mwambao ukawa mwisho wa nchi. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliiharibu Hermann von Wissmann huko Sphinxhaven, ambayo ni Liuli ya leo, na hapo enzi ya Wajerumani ziwani ikaisha kabla vita vyenyewe havijashika kasi.

Baada ya vita, kilichowasogeza watu kilikuwa mshahara. Vijana walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, Chunya, katika miaka ya 1930, na wengine wakaenda mbali zaidi, hadi migodi ya shaba ya Zambia ya sasa na ya dhahabu ya Afrika Kusini, safari iliyokatizwa na serikali ya Tanganyika baada ya uhuru. Vijiji vya Zagori, katika milima ya Epirus huko Ugiriki, vinatoa mfano wa kulinganisha: nyumba zao za mawe, zilizoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za watu waliokwenda kufanya biashara ugenini. Uzuri wa kijiji ulilipiwa na kutokuwepo kwa wenyewe. Wakinga, wanaojulikana leo kwa biashara katika miji ya Tanzania, na wafanyakazi wa migodini wa Undali wanastahili kuchunguzwa kwa jicho hilohilo, kwa sababu historia ya kijiji cha mlimani cha karne ya 20 haikuandikwa mlimani peke yake.

Mistari ya dola

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kuishi katika vijiji kulihimizwa kwa hiari. Kuanzia Novemba 1973 kukawa amri, na Operesheni Vijiji ikaendelea hadi 1976. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ilikipa kijiji uandikishaji na halmashauri. Katika nchi zenye watu wengi kama Rungwe, Bukoba na Kilimanjaro, watu hawakusombwa kwa wingi kama kwingineko. Makazi yaliyokuwepo yalihesabiwa, yakachorewa mipaka na kuitwa vijiji. Kwa sababu hiyo watafiti wamezoea kusema kwamba operesheni haikubadilisha mengi huko. Usemi huo unapima mabadiliko kwa idadi ya nyumba zilizobomolewa. Ukipimwa kwa historia iliyoelezwa hapa, badiliko lilikuwa kubwa: kijiji kilichokuwa kundi la watu kikawa eneo, na kuhama pamoja na jina lake kukakoma.

Mistari mingine ilichorwa juu ya huo. Ileje na Kyela, zilizokuwa sehemu za Rungwe, zilifanywa wilaya katika miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1976, iliipa Tunduma nguvu mpya, na mzigo wa Ileje leo hupanda kuelekea Mpemba na Tunduma zaidi ya kushuka kuelekea ziwani. Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016, Ileje ilikwenda nao. Kyela ikabaki Mbeya. Makete ilikuwa imekwisha kuingia mkoa mpya wa Njombe. Eneo moja la chungu, jembe na tambiko limegawanywa katika mikoa mitatu, na kumbukumbu zinazohifadhiwa kimkoa zitaendelea kulikata vipande vitatu. Mwanafunzi wa Ikinga anayetafuta historia ya wilaya yake hana budi kuanza na majalada ya Rungwe.

Mpaka ulio mzito kuliko yote ulichorwa Berlin, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Kwa upande wa Songwe, mpaka huo umefungwa kwenye mto ambao hubadili mkondo wake uwandani wakati wa mafuriko, na shamba lililolala nchi moja laweza kuamka ng'ambo. Ndiyo maana serikali mbili zimeunda Kamisheni ya Bonde la Mto Songwe, yenye makao makuu Kyela. Kwa upande wa ziwa, Malawi husema mpaka ni ufuko wa mashariki, na Tanzania husema ni mstari wa katikati ya maji. Mzozo huo uliibuka katika miaka ya 1960, wakati wa Rais Banda, ukaamka tena mwaka 2012 kwa sababu ya utafutaji wa mafuta. Magazeti huueleza kuwa mzozo wa mafuta na wa heshima ya mataifa. Ukitazamwa kutoka Ikombe, ni mzozo juu ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakiruhusu kijiji kupata cheti cha ardhi yake, na cheti hicho hupima kile kipande chembamba kati ya jabali na mchanga. Maji, ambako Mkisi huvua na ambako ndiko iliko barabara ya vyungu kwenda Lyulilo, hayamo katika cheti.